Vyombo Vitupu vya Mama

Mama yangu alikuwa na sifa moja mbaya mtaani kwetu Kasongo, na amekufa nayo. Alikuwa anarudisha vyombo vitupu. Ukimpelekea sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika bakuli, bakuli lako litarudi kesho yake limesuguliwa kwa majivu, limeanikwa juani, linang'aa, na ndani hamna kitu. Hamna chumvi, hamna pilipili mbili, hamna hata jani. Ninyi wa rika langu mnajua aibu ya jambo hilo. Sote tulilelewa tukiambiwa kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu, na anayekirudisha hivyo ama ni mchoyo ama hakufundwa kwao. Wanawake wa mtaa walimwita Mama Mukavu, wakidhani hasikii. Alisikia, akaendelea kusugua.

Juma lililopita tumemaliza matanga yake. Nilikuwa napanga vitu vyake vichache, na chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, nikakuta kibuyu ambacho sikujua kama bado kipo. Ni kibuyu cha mbegu, chenye shingo fupi, kimezibwa kwa gunzi la muhindi. Nilipochomoa gunzi ilitoka harufu ya karanga na moshi. Ndani hamkuwa na karanga hata moja, na hazijawahi kuwamo tena tangu nikiwa na meno ya utoto. Lakini harufu ilikuwa imejikalia humo miaka yote hiyo. Nikakaa sakafuni, mtu mzima mwenye wajukuu, nikalia kwa sauti mpaka binti yangu akaja kuuliza kama nimeanguka.

Hatukuzaliwa Kasongo sisi. Kwetu ni upande wa Kabambare, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Wamaza, katika kijiji kilichokuwa bondeni kati ya barabara na mto. Zamani wazee walikuwa wakikaa kilimani. Serikali ya Wabelgiji ndiyo iliyowashusha ikawapanga kando ya barabara, nyumba mistari miwili zimetazamana, ili watu wahesabike vizuri na pamba ya lazima isiwe mbali na kamio, lori la kuibeba. Kilimani kulibaki makaburi na upepo. Shangazi Mwamini, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa na neno lake ambalo alilisema kila mvua ikizidi: "Mutu hajengi mu kinywa ya mto." Alilisema tangu siku ya kwanza ya kushushwa, na hakuna aliyemwuliza maoni yake. Baba alikuwa amechukuliwa kazi ya migodi upande wa Kalima. Nyumbani tulikuwa wanne: Shangazi, Mama, mimi, na mdogo wangu Feza, ambaye alikuwa ameachishwa kunyonya karibuni na bado hapati usingizi mpaka akamate sikio la Mama.

Mto ulikuja mchana kweupe. Tulikuwa kwenye pamba, jua linawaka, hakuna hata tone la mvua juu yetu. Mvua ilikuwa imenyesha huko unakotoka mto. Tuliona kwanza kuku wanakimbia kuja kwetu, na watoto tulicheka, kwa sababu hatujaona kuku wakikimbia wote upande mmoja. Kisha tukaona nyasi zinalala. Mama alitupa kikapu cha pamba akakimbilia nyumbani, ambako Feza alikuwa amelala na Shangazi, na alipotoka maji yalikuwa yamempita magoti. Alitoka na vitu viwili tu: Feza mgongoni, kibuyu cha mbegu za karanga kichwani. Shangazi alikuwa nyuma yake amekamata kanga yake. Vyungu, mikeka, mbuzi watatu wa Shangazi, na nguo za Baba alizotuachia, vyote vilikwenda na maji kutafuta mto mkubwa, Lualaba.

"Uliacha hata chungu moja?" Shangazi alimwuliza jioni ile kilimani, tumekaa juu ya mawe kati ya makaburi.

"Chungu nitafinyanga, Wifi," Mama akajibu. "Mbegu siwezi kufinyanga."

Maji yalipotoka, mihogo yote ilikuwa imeoza ardhini. Bonde zima lilinuka kwa siku nyingi, harufu nzito, chachu, inayoingia hata katika nywele. Mpaka leo mtu akiniambia neno njaa, pua yangu inaleta harufu ile, harufu ya chakula kingi kilichoharibika. Tulijengewa vibanda vya majani ya migomba karibu na ghala la pamba, mahali palipoinuka kidogo. Tukawa tunachimba viazi vya porini, vichungu, vya kulowekwa mara tatu. Watoto tulichimba pamoja na mama zetu na tulifurahi, nakiri, maana hakuna aliyetutuma tena kwenye pamba.

Halafu kamio ikaja kutoka Kasongo. Ndani yake mlikuwa na Mzungu kijana, shingo imebabuka kwa jua, ana mafungu ya karatasi kwapani ambayo hakuyaweka chini hata alipokuwa anakunywa maji. Kabla hajamaliza kushuka wanawake walikwisha mpa jina: Bwana Karatasi. Alikuja na karani wake, mtu mweusi kama sisi, mwenyeji wa Nyangwe, kaptula yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Karani ndiye aliyesema kwa Kiswahili yote ambayo Bwana Karatasi alitaka kusema.

Kila nyumba ilipewa mfuko wa kitambaa cheupe chenye mstari mwekundu, umejaa mchele, na juu yake kipande cha makayabu, samaki wa chumvi mgumu kama gome. Shangazi alipopokea wetu, kabla ya kuangalia mchele, alisugua kitambaa kwa vidole.

"Pamba yetu njo hii," alisema, na njo ya kwetu ndiyo ndiyo yenu. "Ilienda Ulaya, imerudi na muchele."

Watu walicheka. Hata karani alicheka, kisha akapanda juu ya gurudumu akatangaza: "Bwana anasema hivi. Mwezi mupya ukionekana, kamio itarudi. Mifuko yote irudi, musipoteze hata moja. Mutu akirudisha mufuko, atapata ingine ya kujaa. Itakuwa hivyo mpaka mutavuna. Mumesikia?"

Tulisikia. Tukapiga makofi. Jioni ile kila kibanda kilitoa moshi, na harufu ya mchele unaoiva ilifunika harufu ya bonde kwa mara ya kwanza. Feza alikula mpaka akalala ameketi, mkono ndani ya bakuli, na Mama hakumwondoa mkono. Alimwacha hivyo, akamwangalia muda mrefu huku anatabasamu. Ninaikumbuka sura ile kwa sababu sikuiona tena.

Mwezi ule tulikula vizuri kadiri ya watu waliopoteza kila kitu. Mama alifyeka kishamba nyuma ya ghala, akawa anangoja udongo ukauke kidogo apande karanga zake. Kila asubuhi alitikisa kibuyu sikioni, anasikiliza, anakirudisha juu ya moshi ili wadudu wasiingie. Majirani wa kijiji cha juu, ambao mto haukuwafikia, siku za kwanza walikuwa wametuletea mihogo na mboga. Walipoona kamio, waliacha. Sasa sisi tulikuwa watu wa kamio, na ninadhani kidogo walituonea wivu.

Siku mwezi ulipokaribia kuonekana, kapita, yaani mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, alipita kila kibanda kukumbusha habari za mifuko. Wanawake waliifua mtoni, wakaianika juu ya vichaka, kichaka kizima cheupe. Ndipo Shangazi akauliza swali ambalo kila mwanamke alikuwa nalo moyoni.

"Irudi na nini ndani?"

"Bwana alisema mifuko tu," Mama akasema.

"Bwana ni mugeni, atasemaje? Mugeni atasema niletee kitu? Mutu ametulisha mwezi muzima, watoto wako wamelala wameshiba, halafu unamurudishia mufuko mutupu usoni pake? Atasema watu wa huku hawana mama."

"Wifi, hatuna kitu."

"Kila mutu iko na kitu. Mkono mutupu haulambwi."

Wanawake wengine waliitikia, na kapita naye akasema ni kweli, kijiji kisijiaibishe. Tangu hapo yakaanza mashindano ya kimyakimya, ninyi mnawajua wanawake wa kwetu. Huyu ana mayai matatu ya kuku aliyeokoka mtini, yule ana uyoga mkavu, mwingine amepata asali porini. Mwanamke mmoja aliamua kumtoa kuku mwenyewe. Kutia jani peke yake kungetosha kwa jirani unayeonana naye kila siku. Kwa mtu aliyekupa mfuko mzima wa mchele, jani lingekuwa tusi.

Sisi hatukuwa na yai wala uyoga. Tulikuwa na kibuyu.

Mama alikaa nacho mapajani muda mrefu. Alikuwa na nia ya kutia konzi mbili, nilimwona akizipima. Alitia ya kwanza, akatia ya pili, akaanza kurudisha gunzi. Na hapo ndipo mimi niliposema. Nimebeba maneno haya maisha yangu yote, basi niyaandike kama yalivyokuwa.

"Tia mingi, Mama. Ukitia mingi, bibi yake atarudisha mingi."

Bibi, kwetu, ni mke. Nilikuwa nimekwisha mtengeneza kichwani yule bibi wa Bwana Karatasi. Alikuwa anakaa Kasongo, mwanamke mnene mwenye kinu, na ndiye anayetwanga mchele wote ule na kuutia katika mifuko ya mistari myekundu. Nilijua jinsi vyombo vinavyokwenda na kurudi. Mara ngapi Mama amenituma kwa jirani na mayai mawili na bakuli likarudi na samaki! Anayepeleka kingi hupokea kingi. Wala sikuwa najidanganya. Ndivyo ulimwengu niliouona ulivyokuwa ukienda mpaka siku ile.

Mama aliniangalia, akaangalia kibuyu. Nadhani aliona mtoto ana akili. Akainamisha kibuyu, na karanga zikaingia katika mfuko kwa mlio mzuri kama mvua ya kwanza, mpaka kibuyu kikabaki nusu.

"Sasa huu njo mufuko," Shangazi akasema.

Kamio ilipofika, wanawake walikuwa wamejipanga mstari mmoja barabarani, mifuko kichwani, wanaimba. Nilikuwa pembeni ya Mama nimemshika Feza mkono. Nyuma ya kamio, chini ya turubai, niliona mifuko mipya imejaa, imerundikwa mpaka juu. Bwana Karatasi alishuka anacheka kwa ajili ya wimbo. Alipokea mfuko wa kwanza, akauona mzito, akaufungua. Akatoa yai. Akafungua wa pili, akatoa uyoga. Wa tatu ukamrukia, kwa sababu kuku alikuwa ndani, na sote tukaangua kicheko, naye akacheka, akamkamata kuku yule kwa mbawa bila ustadi wowote. Wa nne ulikuwa wetu. Alitia mkono, akatoa karanga, akamenya moja akaitafuna. Nilijivuna sana. Nikamwambia Feza, "Anakula za kwetu."

Kisha kicheko chake kikapungua. Alipita mstari wote anapapasa mifuko kwa nje, mmoja baada ya mwingine. Akamwambia karani neno.

"Bwana anauliza, hivi vitu vinatoka wapi?"

"Njo zawadi, Bwana," kapita akajibu, kifua mbele. "Njo aksanti yetu."

"Anauliza, iko ingine? Mu nyumba, iko ingine kama hii?"

Sasa nawauliza ninyi. Umempa mgeni kitu, naye anakuuliza kama umebakiwa na kingine. Utamwambia hiki ndicho cha mwisho? Utamfanya ashindwe kukimeza? Hakuna mtu wa kwetu angesema hivyo. Kapita alikuwa na watoto saba na kibandani kwake hamkuwa na punje, na alitabasamu kama mwenye ghala.

"Iko, Bwana," alisema. "Kidogo kidogo, iko."

Karani alimwangalia kapita, na uso wake ulibadilika. Mtu wa Nyangwe alijua. Alimgeukia Bwana Karatasi akasema maneno mengi, haraka, mikono imefunguka, mara anaonyesha mifuko, mara anaonyesha kifua chake. Bwana Karatasi alimsikiliza mpaka mwisho, siwezi kumsingizia. Kisha akatikisa kichwa, akaandika.

Karani aliangalia chini alipokuwa anasema. "Bwana anasema, mutu wa njala hatoi chakula. Anasema ninyi muko na chakula, munaficha. Anasema kule chini ya mto iko watu wanapika ngozi ya viti. Ile mifuko itaenda kwao."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Wanawake walikuwa bado wanatabasamu, tabasamu zimebaki usoni kwa kukosa mahali pa kwenda. Shangazi ndiye aliyetoka mstarini.

"Tumetoa kwa heshima!" alipiga kelele. "Karani, mwambie! Tumetoa kwa heshima, si kwa shibe!"

"Nimemwambia, Mama," karani akasema polepole. "Nimemwambia hivyo hivyo."

Bwana Karatasi alipanda. Ile mifuko minne aliyoifungua aliichukua pamoja na vilivyokuwamo, ila kuku aliyemponyoka, ushahidi wa kuonyesha wakubwa wake Kasongo. Mingine iliyokuwa na vitu iliachwa mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo mbegu zetu zilikwenda. Mama alifuata kamio hatua chache, mkono umenyooka mbele. Alikuwa hajui bado adai nini, mchele au karanga. Mfuko mmoja mpya ulikuwa umetoboka pembeni, na kamio ilipogeuka ilichora mstari mwembamba wa mchele katika vumbi la barabara. Watoto tuliukimbilia. Mimi na Feza tuliokota punje moja moja, tukazitia katika sketi yangu, tukashindana na kuku yule aliyetoroka. Kwangu mimi ile ilikuwa siku nzuri. Watu wazima waliona kamio inaondoka na chakula. Mimi niliona karanga zetu zinakwenda kwa yule bibi mwenye kinu, na nilijua atajibu.

Nikawa nakwenda kukaa barabarani kila siku pamoja na Feza. Akiuliza mbona hawaji, nilimwambia bibi bado anatwanga, tulimpelekea karanga nyingi, lazima atwange mingi. Tulisikiliza pamoja. Mara mbili tulidhani tumesikia kamio, na yalikuwa ni radi ya mbali. Mwezi ulikufa, ukaja mwingine. Viazi vya porini viliisha mahali pa karibu, ikabidi Mama aende mbali, akirudi jioni na vichache visivyojaza kiganja. Tulikula moyo wa mgomba. Tulikula majani ambayo Shangazi mwenyewe hakujua jina lake.

Feza akaanza kunenepa. Ndivyo nilivyoona. Mashavu yalijaa, miguu ikawa minene, laini, ukibonyeza kidole shimo linabaki, na mimi nilikuwa nabonyeza kwa mchezo. Nywele zake zikapoteza weusi, zikawa nyekundu na nyepesi kama hariri ya muhindi. Ngozi nayo ikapauka. Mimi nilikuwa mbavu tupu, na nilimwonea wivu hata nikanuna. Niliwaza kwamba ule mchele wa Bwana Karatasi umemwingia vizuri kuliko mimi, na kwamba anageuka kuwa mtoto wa Kizungu, na kamio ikija atachukuliwa yeye kupelekwa Kasongo kwa bibi, mimi nitaachwa.

"Mama," nilisema, "Feza ananona, mimi hapana. Unamupa chakula kwa siri?"

Mama hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile. Alinipiga kofi moja, kisha akanivuta kifuani akanibana mpaka nikakosa pumzi. Sikuelewa kofi, sikuelewa kubanwa. Usiku ule nilimchukia Feza kwa sababu ya kofi lile.

Kapita alikwenda kwa miguu mpaka Wamaza, na kutoka Wamaza mpaka Kasongo, kuomba. Alikaa siku nyingi. Aliporudi viatu vilikuwa mkononi, nyayo zimepasuka, na alisimama mbele ya ghala bila kuketi.

"Nimefika ofisini," alisema. "Wamefungua karatasi. Karatasi inasema kijiji hiki kina chakula. Nikasema mimi mwenyewe njo kapita, ninatoka huko, hakuna. Wakasema, karatasi imeandika maneno yako, wewe njo ulisema iko." Akaviangalia viatu mkononi. "Na ni kweli. Mimi njo nilisema."

Hakuna aliyemlaumu. Shangazi alimletea maji ya kunawa miguu, akaingia kibandani, na tangu siku ile yule mwanamke mwenye neno kwa kila kitu hakuwa na neno tena. Ninafikiri alikuwa anajihesabia kosa, kama kapita alivyojihesabia lake, kama Mama lake. Mimi peke yangu nilikuwa bado sijajua kwamba nina langu.

Siku iliyofuata Mama alishusha kibuyu. Udongo ulikuwa umekauka vizuri, tayari kwa kupanda, na nusu ile ya mbegu ingetosha mistari michache. Alikwenda mpaka kishambani na jembe la kuazima, akasimama huko, akarudi. Akazitia karanga zote katika chungu, akazipika mpaka zikawa laini, akaziponda, akamweka Feza mapajani. Feza aligeuza uso. Mama alijaribu upande wa pili, akageuza tena. Mtoto aliyelala na mkono ndani ya bakuli sasa hakutaka chakula, wala hakulia, wala hakutaka lolote, isipokuwa alinyanyua mkono wake uliovimba akatafuta sikio la Mama. Alikaa hivyo siku tatu. Nilikula mimi zile karanga. Mama ndiye aliyenilisha, kidole kwa kidole, na machozi yake yakaanguka ndani ya chungu. Zilikuwa tamu mno, Mungu anisamehe.

Feza tulimzika kilimani, kati ya makaburi ya zamani. Watu wa kijiji cha juu walisikia kilio wakaja, na hawakuja mikono mitupu. Walileta ugali, sombe, samaki wadogo wa mtoni, kila mwanamke na chombo chake, wakakaa nasi na kulia kweli. Mmoja wao, mwanamke mwenye kovu la moto mkononi, alikuwa anarudia maneno yale yale: "Hatukujua. Tulizani kamio inakuja. Hatukujua, ndugu zetu." Tulikula. Baada ya matanga vyombo vilibaki, saba au nane, vimepangwa mlangoni.

Mama aliviosha vyote siku moja. Alisugua kwa majivu, akasuuza, akaanika juani, kisha akanipangia mikononi na kichwani nivirudishe. Nikaangalia ndani. Nilikuwa nimefundwa vizuri, hata katika hali ile.

"Mama, tutie nini ndani?"

"Hapana kitu."

"Hata jani?"

Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Macho yalikuwa makavu. "Vitupu," alisema. "Wafungue waone vitupu. Mutu akiona kitupu, atajua tuko na njala."

Ndipo nilipoelewa. Sikuelewa yote, lakini nilielewa mfuko wetu, na konzi mbili, na neno nililolisema, na kwamba hakuna bibi wala kinu. Nilipanda njia ya kijiji cha juu nikiwa na vyombo hivyo, na kila mlango niliofika, mwanamke alipokea chombo chake, akachungulia ndani, kisha akaniangalia mimi. Kesho yake walikuja na mihogo. Walichelewa, lakini walikuja, na sisi tuliobaki tuliishi.

Baba aliporudi kutoka migodini alituhamishia Kasongo. Mama alizeeka huku kati ya watu ambao hawakujua habari hizi, na hakuwaeleza. Hakupanda karanga tena. Na hata wakati tulipokuwa na magunia ya mpunga ndani ya nyumba, aliendelea kurudisha vyombo vitupu, na mimi nilikasirika naye, nikaona haya, mara moja moja nikatia chumvi kwa siri njiani ili nisichekwe. Hatukuzungumza hata mara moja juu ya neno langu. Nilingoja anilaumu mpaka siku aliyofumba macho, na hakunilaumu.

Jana asubuhi vyombo vya matanga vilikuwa vimepangwa mlangoni kwangu, vingi, vya mtaa mzima. Binti yangu alikuwa ameleta kikombe cha mchele, anataka kutia kidogo katika kila chombo, kama nilivyomfunda mwenyewe. Nilikamata mkono wake. Nikamimina mchele ukarudi katika gunia, nikakung'uta bakuli la juu mpaka punje ya mwisho.

"Vitupu," nilimwambia.

"Mama! Watu watasema nini?"

"Watasema tuko na njala," nikamjibu. "Na mara hii watatuamini."

Akaviondoa vyombo, akaviweka kichwani, akatoka.